Kilemba Chini ya Helmeti

Jumatatu, 4 Agosti

Vuta, wewe! Hicho kitambaa si mkia wa mbuzi!

Ndivyo nilivyomwamkia Simran leo, hata shikamoo yake hajaimaliza. Mtu wa miaka ishirini na mitatu, mjukuu wangu mwenyewe, ana cheti cha chuo, na kuvuta kitambaa bado kunamshinda. Kilemba cha mita tano hakikunjwi na mtu mmoja. Mmoja asimama mlango wa jikoni, mwengine mlango wa mbele, mwavuta mpaka kinyooke kama kamba ya nguo, halafu mwakunja. Ndiyo mtu afunge. Nilivutana hivyo na babu yake kila asubuhi miaka arubaini na moja. Alipokufa nikabaki na ncha moja mkononi. Simran akaja kukaa nami, akashika ya pili.

Cha leo cha samawati. Kimekaa vizuri. Pini nimeitia mimi, nyuma ya sikio la kushoto.

Wiki mbili sasa wamemtoa ofisini, wamemtia uwanjani. Ni yadi ya kontena karibu na bandari, upande wa Kipevu. Asoma namba za kontena na kuziandika. Nimejisifu mtaa wetu mzima wa Chaani. Msichana, na kilemba chake, kati ya malori. Waone.

Jioni karudi. Kasema amechoka. Kapita moja kwa moja kuoga.

Pini ilikuwa kulia.

Nikampakulia wali, macho kwenye ile pini.

Jumanne, 5 Agosti

Siku ya kufua. Mawingu. Vilemba vitatu vya Simran na mitandio yangu miwili.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoolewa na Kalasinga, Mhindi wa dini ya vilemba. Mimi Kadzo wa Kaloleni, mtoto wa mgema. Watu wa kwetu walicheka sana. Wakasema nitazaa watoto wenye ndevu. Nikafunika kichwa changu nikaenda. Tangu siku hiyo nafua vilemba, kwa hivyo kilemba kilichovaliwa nakijua hata nikiwa nimefumba macho. Tabaka la ndani huwa na mstari wa jasho. Hata mwezi huu wa baridi.

Hivi vitatu havina mstari. Vikavu. Vinanuka mkoba.

Tena vimeganda duara. Maana yake vimevuliwa vizima, kama kofia, vikawekwa pembeni. Kilemba hakivuliwi kama kofia. Kinafunguliwa tabaka kwa tabaka, kama kilivyofungwa. Hilo Simran alilijua kabla ya kujua kusoma.

Nimevifua hivyo hivyo. Vitu visafi. Nimesugua mpaka vidole vikauma.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemuuliza. Mbona vilemba havina jasho?

Kasema, "Nyanya, ofisini kuna feni."

Nikamwambia, si umetolewa ofisini? Au feni nayo imepandishwa cheo?

Hakucheka. Kaacha chapati nusu. Katoka.

Nikaenda kwa Mama Zuhura, jirani, nikanunue mahamri. Mwanamke huyo ana mdomo, na mkwewe hupeleka lori pale pale yadini. Hata sijakaa kwenye kibao kaanza. "Mjukuu wako, mashallah, njano inampendeza."

Nikamuuliza njano ipi. Simran hana kilemba cha njano.

Kacheka mpaka kijiko kikamponyoka kikaingia kwenye mafuta. "Helmeti, mwanamke wewe! Mkwe wangu asema Kalasinga wako ameolewa na plastiki."

Nikacheka na mimi. Nikalipa. Nikaenda zangu. Mahamri nimeyaacha pale pale kwenye kibao.

Sijatulia tangu asubuhi. Nakaa, nasimama. Nimechungulia dirishani kama mtu anayedaiwa.

Anionavyo Simran, mimi ni mshamba tu, napenda kitambaa. Sivyo. Nywele Mungu ndiye aliyezipa. Hazikatwi, zinatunzwa, zinafungwa, zinafunikwa. Nyumbani, njiani, kazini, ukila, ukikuna nazi. Si vazi la harusi. Mzee wangu, babu yake Simran, alikuwa akisema mwenye kilemba hana pa kujificha. Akifanya uovu ataonekana, na mtu mwenye shida akitafuta wa kukimbilia atamuona pia. Wanawake wengi wa dini yetu hufunga mtandio, kama mimi. Kilemba Simran alikitaka mwenyewe, alipokuwa na miaka kumi na mitano. Hakuna aliyemlazimisha. Alilia akikitaka.

Sasa yuakificha kwenye mkoba.

Kesho naenda yadini.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekwenda.

Nilipanda tuktuk saa sita kasoro. Nikasimama getini kwenye vumbi, malori yamepanga foleni, madereva wanakula. Saa sita u nusu wakatoka watu wa zamu. Nikamuona. Helmeti ya njano kichwani, chini yake hakuna hata leso. Msuko mtupu umening'inia mgongoni. Msuko wa Simran, ambao hata baba yake hauoni ovyo.

Nikapiga kelele. Siandiki yote. Nilimwita mwizi wa kichwa chake mwenyewe. Nilisema babu yake amekufa mara ya pili, na safari hii amezikwa kwenye kopo la plastiki. Madereva wakaacha kula.

Askari wa getini, mtu mzima, akanisogelea kwa adabu. "Mama, humu ndani vyuma vinaanguka. Bila helmeti haingii mtu. Hata mkurugenzi."

Nikamwambia yeye afunge geti lake, asinifunge mimi mdomo.

Simran hakulia. Ningependa angelia. Alivua ile helmeti mbele ya wanaume wote, akaishika kwa mikono miwili, akasema polepole, "Kilemba changu hakiingii humu, nyanya. Nimejaribu. Nisipovaa hii, nafukuzwa. Niambie wewe, nivae kipi?"

Nikapiga kelele zaidi.

Ndipo kijana mmoja wa bodaboda akaropoka, "Na wewe mama, chako kiko wapi?"

Nikapeleka mkono kichwani. Mtandio ulikuwa umeniangukia mabegani. Tangu lini, sijui. Pengine tangu kwenye tuktuk. Nimesimama mbele ya foleni nzima ya malori kichwa wazi, nafundisha watu kujifunika.

Walicheka. Simran hakucheka. Kavaa helmeti yake karudi ndani.

Saa kumi na mbili hajarudi. Sasa giza linaingia. Hajarudi.

Ijumaa, 8 Agosti

Yuko Bombolulu kwa mama yake.

Huyo mama yake, Rupa, amenipigia. Mwanangu wa pekee, na hanipigii ila kwa lawama. "Mama, umemwaibisha mtoto kazini kwake. Wanaume wanamwita kopo." Nikamwambia kama angelea vizuri nisingeaibisha mtu. Halafu akasema neno lililonikalisha chini.

Simran ameamua. Jumatatu akitoka kazini anaingia saluni, nywele zikatwe zote. Asema akifunika anakosea kule, asipofunika anakosea huku, basi kisiwepo cha kufunika, yaishe.

Nikakata simu. Simu yangu ni mulika mwizi, ya vitufe na tochi, haina pa kubamiza. Nikaibamiza mezani.

Rupa alikata zake alipoolewa na mtu wa kanisani. Nikanyamaza. Nikajipa moyo kwamba mjukuu atashika. Na akashika. Simran ndiye wa mwisho katika nyumba hii. Akikata, vilemba vya mzee ni vitambaa vya kufutia vioo.

Naogopa. Ndilo neno lenyewe. Si hasira tena.

Nimefagia mara tatu. Nimepanga vyombo, nimevipangua. Nimefungua sanduku la mzee, nimelifunga. Nimetoka mpaka barabarani nikarudi. Mama Zuhura kaniuliza natafuta nini. Nimemwambia paka. Sina paka.

Jumamosi, 9 Agosti

Mama Zuhura kaja asubuhi, hana kicheko. Jana pale yadini kipande cha chuma kimeanguka kutoka juu ya kontena. Kimempata taniboi, msaidizi wa dereva, aliyeteremka kwenye lori bila helmeti. Kashonwa nyuzi kichwani. Yuko hai. Simran alikuwa amesimama kando yake, na daftari lake la namba.

Kando yake. Hatua mbili, amesema mkwewe.

Mama Zuhura alipoondoka nilikaa chini sakafuni. Angenitii, angekuwa na kitambaa tu. Kitambaa cha melimeli, cha samawati, kimekunjwa vizuri sana na mimi.

Ningemuua kwa mkono wangu na pini yangu.

Nimekaa hivyo mpaka chai imekuwa baridi. Halafu nikafungua sanduku la mzee tena. Safari hii sikulifunga.

Sasa niandike kitu ambacho sijamwambia mtu.

Simran nimemlea na hadithi moja. Kwamba babu yake, fundi wa malori, hakuwahi siku hata moja kuonekana bila kilemba kikubwa. Mvua, jua, homa. Picha iko ukutani, kilemba kama mnara. Kila akilalamika joto namuonyesha ile picha.

Uongo. Pale gereji, chini ya lori, kilemba kikubwa hakipiti. Kinagonga mhimili, kinashika grisi. Mzee alikuwa akivaa kitambaa kidogo, mita mbili tu, amekikaza kichwani kikaganda kama ngozi. Cheusi, ili oili isionekane. Kutwa nzima hicho. Kile kikubwa alikifunga asubuhi kwa kutoka, akakifungua gereji tabaka kwa tabaka, akakitundika, akakifunga tena jioni. Nikimpelekea chakula nilikuwa nakiona. Nilikuwa nakifua! Nani mwengine alikuwa akikifua?

Lakini watu walikicheka kile kidogo. Wakimwita mpishi wa Kalasinga. Na mimi nilikuwa nimeshachekwa vya kutosha. Nilitaka mume wangu aonekane mkubwa. Alipokufa nikavitoa vile vitambaa vidogo nikamgawia fundi wa baiskeli, nikabakisha vikubwa. Nikapiga hadithi yangu juu yake. Nimeisimulia mpaka mwenyewe nikaiamini.

Simran alisema kilemba hakiingii kwenye helmeti. Nilijua kinachoingia. Nilikuwa nakijua wakati napiga kelele pale getini.

Nimetoa kilemba cheusi cha mzee, kile cha harusi ya Rupa. Nimechukua mkasi. Mkono haukutaka. Nikaukaripia. Nimekata mita mbili, na mita mbili nyengine. Kipande kilichobaki ni cha mtandio.

Sauti ya mkasi kwenye melimeli ni ndogo sana. Kama mtu anayepumua.

Jumapili, 10 Agosti

Leo sikwenda gurudwara, hekalu letu, kusali. Nimekwenda Bombolulu. Mungu anajua njia zote mbili.

Nimemkuta Simran uani, nywele ameziachia, mama yake anampaka mafuta ya nazi. Zimefika kiunoni. Helmeti iko kwenye kiti peke yake, kama mgeni. Aliponiona kasema shikamoo kwa meno. Halafu, "Nyanya umekuja kupiga kelele na huku? Majirani wa mama ni wengi, watakusikia vizuri."

Rupa kageuza uso asinionyeshe anacheka.

Nikasema nyamaza, ukae sawa. Nikaingia nyuma yake. Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima, yakaniruka yote. Kwa hivyo nikafanya kazi. Nikazikusanya nywele, nikasokota, nikafunga fundo utosini kama inavyotakiwa. Nikakaza kile kitambaa cheusi. Nikachukua helmeti nikamvika.

Haikukaa. Ilipanda juu ikayumba kama sufuria juu ya yai. Ni lile fundo.

Simran akanyoosha mkono aivue. "Si nilikwambia."

Nikampiga kofi mkononi. Nikafungua yote upya. Nikalishusha fundo mpaka kisogoni, chini kabisa, pale shingo inapoanzia. Mzee hakulifunga pale. Mzee hakuwa na helmeti. Nikalaza nywele, nikazungusha kitambaa kikashuka mpaka nyuma ya masikio, kikabana. Hakuna unywele ulioonekana. Nikaivika helmeti tena, nikakaza kile kigurudumu cha nyuma.

Ikakaa.

Nikamwambia atikise kichwa. Katikisa. Nikamwambia ainame. Kainama. Nikaigonga kwa mwiko wa Rupa, mara mbili, ya pili kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Nyanya!"

"Nataka kujua kama inafanya kazi."

Kavua helmeti, kajitazama kwenye kioo cha kabati, na kile cheusi peke yake kichwani. Muda mrefu. Kasema, "Nafanana na mpishi."

Nikaona giza. Neno lile lile. Halafu, sijui nini kilinipata, nikaanza kucheka, nikacheka mpaka machozi, Rupa akaleta maji akidhani nimepandwa na presha. Ndipo nikamwambia. Babu yako walimwita hivyo hivyo. Kutwa nzima chini ya malori alivaa hiki. Kikubwa kilikuwa cha njiani.

Kageuka. "Wewe ulisema hakuwahi kukivua kikubwa."

"Nilisema uongo."

Maneno mawili.

Hakuniambia pole, nyanya. Hakunikumbatia. Kasema, "Miaka minane unanionyesha ile picha." Nikasema ndiyo. Kasema, "Na Alhamisi pale getini ulikijua hiki." Nikasema ndiyo. Nikakaa kwenye kigoda nikapewa chai.

Vitambaa vyote viwili nimeviacha mezani. Kasema atafikiri. Saluni hakuitaja, wala mimi sikuitaja. Nilipoaga kanisindikiza mpaka stejini, hatua mbili mbele yangu, kichwa bado kimefungwa.

Rupa kanifuata pembeni, kanong'ona, "Mama, kidogo kinampendeza kuliko kikubwa." Nikamwambia hana macho.

Ana macho.

Jumatatu, 11 Agosti

Kumetulia. Upepo wa kusi. Nimefagia mara moja tu.

Mchana sikwenda kwa Mama Zuhura. Yeye ndiye aliyekuja, na simu yake ya picha. Mkwewe amempiga Simran picha kwa mbali, kasimama kati ya kontena mbili, kalamu sikioni. Helmeti ya njano, na chini yake mstari mweusi umezunguka paji lote la uso mpaka kisogoni. Mama Zuhura kaitazama, kanitazama. "Hee. Kumbe vyaingia viwili." Hakuwa na dhihaka. Nikamwambia bila shaka vyaingia, kwani aliyefunga ni nani?

Saa kumi na moja na nusu Rupa kapiga. Simran ametoka kazini. Amepita mbele ya saluni. Hakuingia.

Hakukata. Hakuahidi pia kwamba hatakata. Kwangu hatarudi wiki hii, labda na ijayo, asema anataka kukaa na mama yake. Hasira zake zina haki, nimeziacha zikae.

Pale yadini bado wanamwita kopo. Rupa hakutaka kuniambia, nikamkaba mpaka akasema. Jina hilo hawakulitoa kwao. Ni mimi niliyewapa, kwa sauti, saa ya chakula.

Kwa hivyo sikiliza, Kadzo. Kesho saa sita kasoro panda tuktuk. Mtandio utie pini mbili, usianguke. Muamkie yule askari kwanza, ni mtu wa adabu, umwambie ulimkosea, mara moja tu, usirefushe. Halafu ungoje zamu itoke na madereva wote wawe wanakula. Simama pale pale uliposimama. Uwaambie yule ni mjukuu wako, jina lake ni Simran, na amejifunika sawasawa. Na useme kwa sauti ile ile ya Alhamisi.